Mkono wa Mashine ya Mzee Gaspari

Nilijua Mzee Gaspari amekufa nilipoona shuka la mtoto likipita katikati ya magogo mawili ya mti. Hakuna aliyeniambia. Hapakuwa na maiti pale, wala damu. Palikuwa na shuka la maua, beseni la maji ya sabuni, na mama mmoja anazungusha mkono wa chuma huku akimgombeza mtoto wake asicheze kwenye matope.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nne, Gisimenti, uani kwa Domitila. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini. Nilikuwa nimetembea kutoka Biryogo kwa miguu, nikipita kwa kila ninayemjua, nauliza: umemuona Mzee Gaspari, dobi wa Kabeza? Domitila ni dada yake Vedasti, na Vedasti alikuwa mpiga pasi wetu. Nikasema moyoni, huyu atakuwa na habari.

"Zubeda! Kumbe uko mzima?" akasema. Hakusogea kunikumbatia.

"Niko. Hii mashine iko ya nani?"

"Ya Vedasti. Aliniletea mwezi wa nne, ile wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe sasa iko Zaire."

"Na mkono wake?"

"Mkono gani?"

"Huo umeushika."

Akauangalia kama ndiyo kwanza anauona. "Ulikuja nao hivi hivi. Sasa mashine bila mkono itazunguka na nini, sha?"

Nikakaa chini kwenye tofali. Yeye akaendelea kukamua.

Nyinyi vijana mnaofungua duka la udobi hapa Kabeza mliniomba niwaandikie jinsi zana zetu za zamani zilivyotengenezwa, kwa sababu umeme unakatika na mnataka kitu cha kuzungusha kwa mkono. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, mwandiko wangu mtauvumilia. Nitaandika juu ya zana kama mlivyotaka. Lakini mtu asiyeijua mashine ile hawezi kujua kwa nini kipande cha chuma kiliniambia kwamba mzee wangu hayupo. Kwa hiyo someni yote, msiruke kwenda kwenye vipimo.

Nilifika kwa Mzee Gaspari mwaka wa tisini, nina miaka kumi na saba. Mimi ni mtoto wa Biryogo, nimekulia kwa Waswahili, kwenye vyerehani na maduka ya vitenge. Baba alikufa mapema, mama akatafuta mtu wa kunifundisha kazi, akampata huyu mzee wa Kabeza, Mkristo, mrefu, mwembamba kama kamba ya kuanikia. Uwanja wake wa kufulia ulikuwa karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Tulifulia makarani wa Kacyiru, watu wa uwanja wa ndege, na wenye baa.

Siku ya kwanza hakuniuliza najua nini. Alinipa shuka moja jeupe, akalipaka lote tope la uwanja, akachora mstari wa makaa katikati. Akaniwekea mbao mbili za kusugulia.

"Nusu hii fulia ubao huu. Nusu ile ubao ule. Sabuni ile ile, mikono ile ile. Halafu uje uniambie."

"Nikuambie nini, muzee?"

"Kama ningejua ningekusumbua?"

Ubao wa kwanza ulikuwa wa bati lenye migongo, limepigiliwa kwenye fremu, kama waliokuwa nao madobi wote wa mjini. Wa pili alikuwa ameuchonga mwenyewe kwenye mti wa umusave, mti ule wa mipini ya majembe. Nikasugua mpaka mabega yakaniuma. Upande wa bati ulitakata haraka, nikafurahi, nikamkimbilia kumwambia. Yeye akaliinua shuka juani. Upande wa bati ulikuwa mweupe, ndiyo, lakini jua lilikuwa linapita kwenye nyuzi kama kwenye chekeche. Upande wa mti ulikuwa bado unatia kivuli, nyuzi zake zimeshikana.

"Umefua au umekula?" akaniuliza.

Kutoka siku ile nilianza kuwa mtu wa kuuliza kila kitu kinafanyaje kazi. Ule ubao wake nikausoma kwa vidole kama kipofu. Migongo yake haikuwa mikali, ilikuwa mviringo kama upande wa kidole. Haikulala sawa, iliinama kidogo kutoka kushoto kwenda kulia. Nikamuuliza kwa nini. Akamwagia maji juu ya ubao akaniambia niangalie. Kwenye bati maji yalianguka moja kwa moja chini, na sabuni yakaenda nayo. Kwenye ubao wake yalitembea kando kando, yakapita kila mfereji, yakaishia kwenye kijishimo alichokichonga pembeni. Kwenye kijishimo kile ndimo mlimokuwa na mche wa sabuni. Povu lililotaka kukimbia lilirudi kwenye sabuni. Kwa ubao ule mche mmoja ulifua kazi ya karibu miche miwili. Mkichonga wenu, msinyooshe migongo. Mwinamo wa upana wa kidole kimoja kutoka upande hadi upande unatosha. Ukizidisha, nguo inakimbia mkononi.

Vedasti alikuwa pale kabla yangu, pamoja na wafuaji wengine wachache. Nitasema haki yake, maana mimi si yeye. Alikuwa mpiga pasi bora niliyepata kumuona, na mdomo wake ulikuwa wa moto kuliko pasi. Pasi zilikuwa za mkaa, zile za chuma zenye sanamu ya jogoo kwenye kifuniko. Ubaya wa pasi ya mkaa mnaujua kwa kusikia: cheche moja tu, shati la karani limekuwa wavu. Vedasti ndiye aliyekata kipande cha bati, akakitoboa kwa msumari matundu mengi madogo, akakiweka ndani ya pasi kama ghorofa, makaa juu, majivu chini. Hewa ikapita, moto ukawa sawa, majivu hayarukiruki tena. Nilipomuuliza alipataje wazo akanijibu:

"Wewe mtoto wa Kiswahili, kwenu hamchomi mishikaki? Nyama iko juu, jivu iko chini. Nimepiga pasi mishikaki."

Tulicheka wote. Na kabla ya kugusa kola alikuwa akipitisha pasi juu ya jani bichi la mgomba, mara mbili, mpaka lipige kelele ile ya kukaanga. Jani linatoa kutu na linaacha utelezi. Leo bado ni dawa nzuri kuliko vitu mnavyonunua kwenye chupa.

Mimi nami nilikuwa na makosa yangu. Mzee alikuwa na mchi wa kufulia, yaani fimbo ndefu ambayo chini yake alifunga kikombe cha bati kama faneli iliyopinduliwa. Unausukuma ndani ya pipa la nguo, unauvuta. Ukisukuma, maji yanapita kwenye nguo kwenda chini. Ukivuta, yanarudi juu. Hakuna kusugua hata kidogo, kwa hiyo ulifaa blanketi na mapazia. Nikaona, kama kikombe kimoja kinafanya vizuri, vitatu vitafanya mara tatu. Nikafunga vitatu. Nilisukuma mara moja, ukazama vizuri. Kuvuta sasa! Ukanata chini kama mtu ameushika. Nikavuta kwa nguvu zote, pipa likainuka, likaniangukia, na mapazia ya baa moja ya Gisimenti yakaenda na mimi mpaka mtaroni.

"Muzee," Vedasti akapiga kelele, "njoo uone, Zubeda amebatizwa!"

Mzee hakunigombeza. Akaja, akatazama vikombe vitatu, akakuna ndevu. Kesho yake alitoboa kila kikombe tundu moja juu, la kuingiza kidole kidogo, ukavutika. Kumbe hewa ilikuwa haina pa kuingilia. Kosa langu lilitupa mchi bora kuliko wa kwanza. Ndiyo tabia yake mzee. Ukiharibu kitu, alikuwa anauliza kwanza kimeharibikaje.

Sasa mashine ya kukamulia.

Vita vilipoanza mwezi wa kumi mwaka ule ule wa tisini, walikuja kumkamata. Kitambulisho chake kilisema Mtutsi, kama changu. Walikamata wengi siku zile, wakasema ni wasaidizi wa wapiganaji wa mpakani. Mzee wetu alikuwa hajapata kufika mpakani hata kwa ndoto. Walimshikilia wiki kadhaa, akarudi amekonda zaidi, na jino moja pungufu. Mama yangu alinituma na uji. Nilitegemea kumkuta analia, au amenyamaza. Nilimkuta amekaa juu ya shati langu.

"Muzee, umekalia shati langu."

"Najua. Tulia."

Aliamka, akalishika, akanipa. Lilikuwa limekaribia kukauka. Akanieleza kwamba kule ndani walikuwa wanafua shati moja moja kwenye kopo, na hawakuwa na pa kuanika. Wengine walinyonga shati wawili wawili, huyu anavuta huku, yule kule, mpaka mishono ikafumuka. Yeye alichoka, akalikunja shati bichi akalikalia, akalala amekaa. Asubuhi lilikuwa kavu kuliko yao, na mshono mzima.

"Nguo haitaki kunyongwa, Zubeda. Inataka kubanwa. Miaka yote hii tunainyonga bure."

Mtu ametoka alikotoka, amepigwa, na alichotoka nacho ni hicho. Mpaka leo sijaelewa kichwa kile kilitengenezwa na nini.

Tulianza na magogo mawili ya mkaratusi, tumeyalaza moja juu ya lingine kwenye fremu, na skurubu mbili za kuyabana. Unapitisha nguo katikati, maji yanatoka upande huu, nguo inatoka upande ule. Ilikamua vizuri mno. Tukapitisha mashati saba meupe ya karani mmoja wa Kacyiru, yakatoka yote na mistari ya rangi ya chai. Mkaratusi una maji yake ndani, na ukibanwa unayatema.

Vedasti akashika kichwa. "Huyu karani atavaa pundamilia ofisini."

Tuliyafua mara nne kwa buluu na majivu mpaka yakarudi. Mkitaka kujua dawa: tulikata magogo mapya ya umusave, tukayachemsha kwenye pipa siku tatu, kila siku maji mapya, mpaka maji yatoke meupe. Halafu kivulini mwezi mzima, ncha zake zimepakwa mafuta ya nta yasipasuke. Msiharakishe hapo. Tulijaribu pia kuyavika mpira wa tyubu ya gari, ukashika nguo vizuri lakini ukaacha weusi. Mwisho tukayavika kipande cha blanketi kuukuu, juu yake kitambaa kigumu cha pamba, kimeshonwa na fundi mmoja wa Biryogo. Hapo ndipo lilipotoka shati jeupe.

Kuzungusha tulitumia vitu vya baiskeli. Magurudumu mawili ya meno na mnyororo unaoshika moja kwa ndani na lingine kwa nje, ili gogo la juu na la chini yaende pamoja, kila moja upande wake, maana likizunguka moja tu nguo inajikunja. Na mkono wa kuzungushia ulikuwa ule mkono wa pedali wenyewe, umeshikwa na pini moja. Ukigonga pini kwa nyundo kidogo, mkono unatoka.

Siku moja nilikuwa nalisha nguo, Vedasti anazungusha. Ilikuwa siku ya wateja wengi, na yeye alipenda kuonekana. Kulikuwa na wasichana wawili wa uwanja wa ndege wamesimama, anawaonyesha mashine inavyokimbia. Suruali ikakwama kwenye zipu, nikaingiza vidole kuinyoosha, nikasema ngoja. Yeye alikuwa anawaangalia wasichana. Akazungusha.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto, hivi hapa, mnaviona vilivyopinda kila ninapokunja shuka. Kwa kuwa magogo yalibanwa kwa skurubu, hayakuweza kuinuka hata unywele. Ilibidi Mzee alegeze skurubu moja, halafu ya pili, nami nipo ndani.

Vedasti alilia kuliko mimi. Hili nalisema kwa sababu ni kweli. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, analia njiani, watu wakadhani yeye ndiye mgonjwa. Kwa siku kadhaa hakuja kazini. Aliporudi alikuwa amebeba chuma cha springi ya gari, kile kipande kirefu kilichopinda, amekitoa kwa makanika.

"Muzee, toa skurubu zote mbili," akasema. "Weka hii juu ya gogo. Inabana, lakini ikikuta kitu kinene inapanda yenyewe. Kikipita inashuka."

Tukaweka. Mzee akapitisha fimbo nene kama kidole, gogo likainuka, fimbo ikatoka upande wa pili haijavunjika. Akapitisha zipu, vifungo, mshono wa koti la jeshi, vyote vikapita salama. Ule ulikuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote tuliyofanya pale, na ulitoka kwa Vedasti, kwa aibu ya vidole vyangu. Mkitengeneza mashine yenu, wekeni springi kabla ya kuweka kitu kingine chochote.

Lakini Mzee hakuridhika na springi. Akaweka sheria. Anayelisha nguo ndiye anayezungusha, mkono mmoja huku, mmoja kule, ili asije mtu kuzungusha vidole vya mwenzake. Na kila kazi ya kukamua ikiisha, yeye mwenyewe alikuwa anagonga pini, anautoa ule mkono, anauchomeka kwenye mshipi wake. Ukitaka kukamua unamwendea unamwomba. Alitembea nao kila mahali. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao kanisani. Ulikuwa unamgonga gonga pajani. Majirani walimtania.

"Padri ana rozari, Gaspari ana pedali."

"Rozari ya padri haijapata kukata kidole," alikuwa anajibu.

Hakuuacha kwenye mashine hata mara moja, tangu siku ile mpaka siku ya mwisho niliyomuona. Hata mvua ikinyesha ghafla tunakimbiza nguo, yeye kwanza pini. Alikuwa anasema chuma kisichokuwa na mtu wa kukiangalia kinatafuta mtu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi wa nne, alasiri. Tulimaliza mashuka ya hoteli ndogo. Akagonga pini, akachomeka mkono kwenye mshipi, akanisindikiza mpaka barabarani nikapata gari la kurudi Biryogo. Akaniambia kesho nije na uzi mgumu, kitambaa cha gogo la juu kinafumuka. Vedasti alibaki uani, anazima makaa.

Kesho haikuja. Nyinyi mmefundishwa shuleni kilichokuja, sitaki kuwafundisha upya. Mimi nilikaa juu ya dari ya fundi cherehani, Mswahili mwenzetu, karibu miezi mitatu, nalala kati ya marobota ya vitambaa. Mama yangu hakupata dari.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikaa kwenye tofali kwa Domitila. Mashine mtu yeyote angeweza kuibeba. Uwanja ulikuwa wazi, siku zile waliiba hata milango. Lakini mkono haukuwa kwenye mashine. Mkono ulikuwa kwenye kiuno cha mtu. Aliyekuja na mashine yenye mkono alipita kwanza kwenye kiuno kile.

Vedasti alirudi kutoka Zaire baada ya miaka. Alipoitwa mbele ya baraza la majirani, pale kwenye nyasi, alikiri. Alikiri kusimama kwenye kizuizi cha barabara. Alikiri mashine. Aliieleza vizuri sana, magogo, mnyororo, springi, mpaka watu wakaanza kutikisa kichwa kwa kusifu.

"Na isitoshe," akasema, "ile mashine nusu yake ilikuwa yangu. Springi niliweka mimi."

"Na Mzee Gaspari?" wakamuuliza.

"Sikumkuta. Nilikuta mlango wazi, mtu hakuna."

Nikasimama. "Vedasti, mkono uliukuta wapi?"

"Ulikuwa kwenye mashine."

"Haujawahi kukaa kwenye mashine."

"Siku ile ulikuwa kwenye mashine, Zubeda. Labda alisahau. Watu walikuwa na hofu."

Nikawaeleza wazee wa baraza habari ya pini, ya mshipi, ya vidole vyangu. Nikawaonyesha vidole. Mmoja wao, mtu mwema, hana ubaya, akaniambia: "Mama, tunakuelewa una uchungu, lakini hilo la pedali ni jambo dogo." Wafuaji wengine wa uwanja ule walikuwa wamekufa wote. Majirani waliomtania walikuwa wamekufa au wako mbali. Katika mkutano mzima aliyejua uzito wa kile chuma nilikuwa mimi, na mwingine ni yule aliyekuwa amekaa kwenye benchi la washitakiwa, anaangalia miguu yake.

Alifungwa kwa kosa la kizuizi. Kwa mashine aliambiwa aombe msamaha, akaomba. Kwa Mzee hakuna kilichoandikwa. Ametoka jela zamani. Anakaa Kabeza hii hii, mnamsalimia, mnamwita mzee. Huenda mlishamuuliza namna ya kuweka bati la matundu kwenye pasi, na nina hakika aliwaeleza vizuri.

Mtu aliyejua kulia barabara nzima kwa vidole viwili vya msichana. Hilo ndilo linalonikosesha kulifunga jambo hili. Angekuwa mnyama tangu mwanzo, ningemweka kwenye hesabu ya wanyama, nikalala. Lakini nilimuona ana aibu, na aibu ile ikatengeneza kitu kizuri. Ilikwenda wapi? Nimeuliza miaka mingi, kama nilivyouliza kwa nini maji yanatembea kando kwenye ubao, na hili sijapata pa kumwagia maji nikaona.

Nimeacha kazi kwa ajili ya viwiko na vidole, lakini sijaacha kutembea. Kabeza wanajenga sana. Kila wanapochimba msingi wa nyumba mpya, mimi nakwenda kusimama pembeni. Mafundi wamenizoea, wananiletea kiti. Wakifika kwenye udongo laini wananiita. Mpaka leo wamenitolea mizizi, chupa, na mifupa ya mbuzi. Namtafuta yeye tu, siombi mengine. Mzee Gaspari alikuwa mtu wa kanisa, anastahili msalaba na jina lake juu yake, na mimi Mwislamu nitasimama hapo nimwombee kwa namna yangu.

Vedasti, utasomewa hiki, hata usiposoma mwenyewe. Mashine sitaki. Msamaha wako uliuomba kwa ajili ya mbao na minyororo, kaa nao. Kuna jibu moja unadaiwa, na si la mahakama tena, adhabu umeshamaliza, hakuna atakayekurudisha jela kwa neno hilo. Umemweka wapi? Sema jina la mahali. Hata ukiogopa kusema, nenda ukasimame pale, mimi nitakuona umesimama.

Na wewe, Domitila, usijifiche nyuma ya kaka yako. Wewe uko Gisimenti bado, unauza maandazi, una akili zako zote. Alikuja kwako na mashine wiki ile, na nguo alizokuja nazo ulimfulia wewe, kwenye beseni lile lile, ukazikamua kwa mkono ule ule. Mimi ni dobi. Najua kwamba udongo wa mlimani Kabeza ni mwekundu na unaacha doa kama kutu, na udongo wa bondeni ni mweusi na unanuka mafunjo. Kwa doa najua mtu amechimba wapi. Hakuna mwanamke aliyefua suruali ya namna ile akasahau maji yaligeuka rangi gani.

Yaligeuka rangi gani, Domitila?